Wakili Mmoja, Majeruhi Wawili: Uliza Kabla ya Kutia Sahihi



Ajali ikitokea barabarani jambo la kwanza ni kuokoa maisha, la pili ni hospitali. La tatu huja lenyewe, hata kabla plasta haijakauka. Ni mtu mwenye karatasi. Anasimama kando ya kitanda wodini, anaongea kwa upole, anasema ametumwa na wakili, na ati majeruhi wote wa ajali ile wamekwisha tia sahihi, umebaki wewe peke yako. Wengi hutia sahihi, au kidole gumba, bila kuuliza lolote. Ndivyo watu wawili walioumia pamoja wanavyojikuta na wakili mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyechagua hivyo.

Wakili mmoja kuwashughulikia watu wawili si kosa kila wakati. Mara nyingi ni nafuu, tena kazi huenda haraka. Lakini ziko ajali ambazo haki ya mmoja hupatikana tu kwa kuonyesha kosa la mwenzake. Hapo wakili mmoja hawatoshi wawili, hata awe mwaminifu namna gani. Wanasheria huita jambo hili mgongano wa maslahi. Tutalieleza kwa mifano ya huku kwetu, kwa sababu limewapotezea watu fidia zao na kuwaacha majirani hawasalimiani.

Pesa hutoka wapi?

Kwanza tuondoe dhana moja. Wengi hufikiri kwamba kila aliyeumia garini hulipwa, bora tu alikuwemo. Sivyo. Kwa sheria yetu ya Kenya ni lazima uonyeshe kuna mtu aliyekosa: dereva aliyekimbiza gari kupita kiasi, aliyepita mahali pasipofaa, mwenye gari aliyeacha breki zife. Ukishaonyesha kosa ndipo bima ya gari lililokosa huitwa ilipe. Sheria ya bima za magari, ile ya sura ya 405, inalazimisha magari yawe na bima ya kuwalinda watu wengine, na kiwango cha juu ambacho bima hiyo ya lazima hutakiwa kugharamia ni shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja.

Basi swali la kwanza kortini huwa ni nani alikosa. Nani aliumia zaidi huja baadaye. Na kwenye hilo swali la kwanza ndipo wateja wawili wa wakili mmoja hugongana.

Mama na kijana wa bodaboda

Tuchukue mfano wa pikipiki, maana ndio usafiri wetu. Mama anatoka sokoni, amebebwa na kijana wa jirani. Wanapotoka barabara ya vumbi kuingia lami, lori linawagonga. Kijana anavunjika mguu, mama anavunjika nyonga. Wanalazwa hospitali moja, wanatembelewa na yule mtu wa karatasi, wanapata wakili mmoja. Wote wawili wanasema kwa sauti moja kwamba mwenye makosa ni dereva wa lori. Wakili anafungua kesi mbili dhidi ya mwenye lori. Mpaka hapo mambo yanaonekana sawa.

Lakini bima ya lori nayo ina wakili wake. Anajibu kwamba pikipiki iliingia barabara kuu bila kusimama, na kijana alikuwa akiongea na simu. Sasa tazama mama amewekwa wapi. Yeye alikuwa ameketi nyuma na aliona kila kitu. Hakuendesha chochote, kwa hivyo hana lawama. Kosa liwe la lori, liwe la pikipiki, au liwe la wote wawili, yeye anastahili kulipwa. Kinachomfaa ni kuwashtaki wote, upande wa lori na upande wa pikipiki, halafu korti igawe lawama itakavyo. Wakili aliye wake peke yake angemwambia hivyo siku ya kwanza.

Huyu hawezi kumwambia. Kumshtaki mwendesha pikipiki ni kumshtaki mteja wake mwenyewe. Kwa hivyo ananyamaza, na mama hajui kwamba kuna kitu kimenyamaziwa. Mbaya zaidi, mwenye lori ana ruhusa ya kumwomba hakimu amwingize kijana katika kesi ya mama kama mhusika wa tatu, ili abebe sehemu ya lawama. Ikifanyika hivyo, wakili anajikuta na wateja wake wawili wakitazamana kortini.

Inafika siku ya ushahidi. Mama anaapa kusema kweli. Akisema kijana hakusimama, kesi ya kijana inaanguka. Akisema alisimama, amesema uongo baada ya kuapa. Na wakili afanye nini? Hawezi kumhoji mama kwa ukali ili amtetee kijana, wala hawezi kumbana kijana ili amsaidie mama. Njia mbili zilimshinda fisi.

Tuseme korti imeona kosa lote ni la pikipiki. Kesi dhidi ya lori inatupwa. Mama anatoka mikono mitupu, tena anaweza kuagizwa kulipa gharama za upande wa pili, maana kwa kawaida aliyeshindwa ndiye hulipa. Akikimbia sasa kumshtaki mwenye pikipiki, huenda amechelewa. Dai la kuumia kwa sababu ya uzembe wa mtu hupewa miaka 3 tangu siku ya ajali, na kuna kesi nyingi ambazo zimelala kortini muda mrefu kuliko huo. (Ikiwa aliyekugonga ni gari la serikali, muda ni miezi 12 tu. Wengi hugundua hili wakiwa tayari wamechelewa.)

Au tuseme lawama imegawanywa, pikipiki asilimia 60 na lori asilimia 40. Majeraha ya kijana yakikadiriwa kuwa ya shilingi 500,000, atakatwa asilimia 60 yake na kubaki na 200,000. Kwa hivyo kwa kijana kila asilimia ni pesa yake, na wakili wake anapaswa kupigana ili lawama ya pikipiki ishuke. Mama hana haja na vita hivyo. Yeye anataka wote wawili wawe mbele ya hakimu, basi. Wakili mmoja atasukuma upande upi?

Tunajua jibu ambalo mtatupa: "Kijana ni wa kwetu, nitamshtakije?" Ni neno la utu na hatulidharau. Lakini kama pikipiki ilikuwa na bima, atakayeitwa kulipa ni kampuni ya bima, na kumtaja kijana kwenye hati za korti si kumfanya adui. Kama haikuwa na bima, hapo kweli kinachotafutwa ni mali ya mwenye pikipiki, na mama anaweza kuamua kwamba hataki pesa za namna hiyo. Uamuzi huo ni wake, aufanye akiwa ameelezwa hasara na faida. Kuamuliwa na wakili kimya kimya ni jambo jingine kabisa.

Siri mbili katika kifua kimoja

Unayomwambia wakili wako ni siri, na Sheria ya Ushahidi inailinda. Sasa kijana akiwa peke yake ofisini anasema, "Kusema kweli, nilikuwa na simu mkononi." Wakili amebeba siri ya kijana, na siri hiyo ndiyo dawa ya mama. Akimwambia mama, amemsaliti kijana. Asipomwambia, amemnyima mama jambo ambalo wakili wake alipaswa kumpa.

Ndiyo sababu haisaidii sana wakili akisema, "Basi nitamwacha kijana nibaki na mama." Ameshabeba. Mapema miaka ya 1990 Mahakama yetu ya Rufani iliamua kesi ya King Woollen Mills. Ilihusu mkopo wala si ajali, na mawakili walikuwa wamewafanyia kazi mkopeshaji na mkopaji pamoja. Mahakama ilisema wajibu wa kutunza siri za mteja hauishi kazi inapokwisha. Mwaka wa 2005, katika kesi ya Delphis Bank, mahakama hiyo ilieleza kwamba hakuna sheria ya jumla ya kumkataza wakili asisimame kamwe dhidi ya mteja wake wa zamani. Kinachoangaliwa ni kama kweli kutakuwa na madhara. Kwa mtu wa kijijini maana yake ni hii: ukitaka wakili azuiwe, usiseme tu "alikuwa wangu." Eleza alijua nini kutoka kwako, na kitakuumizaje. Katika ajali ile ile moja, jambo hilo si gumu kulieleza.

Wote wakiwa abiria

Sasa tuje kwenye matatu. Wawili walikuwa wameketi, hakuna aliyeendesha, hakuna aliyemsumbua dereva. Hapa wakili mmoja kwa kawaida anafaa. Wote wanasema jambo moja kuhusu ajali. Hata mahakama huona afadhali kesi za namna hii ziende pamoja. Huchaguliwa moja kuwa kielelezo cha kuamua nani alikosa, na zile nyingine hufuata uamuzi huo. Halafu kila mmoja anathibitisha majeraha yake. Ile milioni 3 nayo ni ya kila mdai, hawagawani.

Hata hivyo kuna mahali pawili pa kuangalia. Pa kwanza ni pale bima inapompigia wakili simu na kusema: una watu wanane, chukua kiasi hiki kwa wote, tufunge mafaili. Mmoja amekatwa mguu, mwingine alichubuka kiwiko. Nani atagawa? Kila shilingi anayoongezewa mmoja inatoka kwa mwingine, na wakili anawadai wote ada. Tunavyoona sisi, kila dai liwe na kiasi chake kwa maandishi, na kila mtu akubali au akatae lake. Ikiwa bima inang'ang'ania kifurushi, kila mmoja aonyeshwe jumla yote na mgawo wa kila mwenzake kabla hajatia sahihi. Wakili anayesema "hilo niachieni mimi" muulizeni tena.

Mahali pa pili ni kampuni ya bima ikianguka, na hapa Kenya tumeyaona hayo. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote zilikuwa zimekatia bima magari mengi ya abiria. Walioshinda kesi wakabaki na hukumu mkononi na hakuna wa kulipa. Wakati huo watu hugeukia mali ya mwenye gari, pengine ni matatu moja kuukuu na kiploti kimoja. Haiwatoshi wote. Wale waliokuwa upande mmoja jana leo wanashindania kitu kimoja, na wakili wao hawezi kumkimbilia kila mmoja awe wa kwanza.

Na dereva na makanga je? Nao huumia. Lakini dereva ndiye abiria wanayemlaumu, kwa hivyo hawezi kuwa kwenye orodha moja nao. Tena njia ya mtu aliyeumia kazini ni nyingine. Chini ya sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, dai lake dhidi ya mwajiri huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, wala si kortini, na Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019. Ukiona karatasi ya yule mtu wa wodini ina jina la dereva pamoja na ya abiria, shtuka.

Kikundi kikisafiri pamoja

Hili linatuhusu sana. Kikundi kinakodi matatu kwenda mazishini au kutembelea kikundi kingine, ajali inatokea, na wakili anamtafuta mwenyekiti. Mwenyekiti anaona ni wajibu wake, anatia sahihi kwa niaba ya wanachama wote. Hana uwezo huo. Mfupa uliovunjika si mali ya kikundi. Kila aliyeumia ni mdai kivyake, na ni yeye anayempa wakili kazi. Fidia nayo ni yake, haipitii kwa mweka hazina kukatwa deni la mkopo wa kikundi, labda mwenyewe apende.

Kuna jambo zito zaidi. Pengine ni kamati iliyoamua watu 20 waingie gari la abiria 14 ili kupunguza nauli. Pengine gari lenyewe ni la katibu, au aliyeendesha ni mwanachama. Hapo viongozi wanaweza kulaumiwa na wanachama wao, na haifai wao ndio wawe wa kuwachagulia wakili. Viongozi wema wataliona hili wenyewe na kukaa kando. Wasipoliona, mwanachama aseme, kwa heshima.

Kwa waliofariki utaratibu ni tofauti kidogo. Sheria ya Ajali za Vifo inamtambua mume au mke, wazazi na watoto wa marehemu kuwa wategemezi, na hufunguliwa kesi moja tu kwa ajili ya wote. Kwa hivyo wake wawili, au mjane na wakwe zake, huenda wakalazimika kuwa na wakili mmoja hata kama hawapatani. Wahakikishe tu kwamba jina la kila mtegemezi limeandikwa katika hati za kesi. Mtoto asiyeandikwa ni vigumu kumkumbuka wakati wa kugawa.

Mambo ya kumwuliza wakili

Muulize waziwazi: "Katika ajali hii nani mwingine ni mteja wako?" Kisha: "Je, kuna jambo nitakalosema mimi ambalo litamdhuru, au atakalosema yeye likanidhuru?" Na kama anakubali kuwa na wateja wawili: "Tukipishana mbele ya safari, utafanyaje?" Maadili ya Chama cha Mawakili, LSK, yanamtaka wakili akueleze mgongano wa maslahi na apate kibali chako kabla ya kuendelea. Kibali cha kweli ni kile ulichoelezwa ukaelewa, kwa lugha unayoisikia. Wakili mzuri hatakasirika kuulizwa.

Muulize pia cheti chake cha mwaka huu cha kufanya kazi ya uwakili; LSK wanaweza kukuambia kama anacho. Yule mtu wa wodini anayetafutia wakili wateja anavunja Sheria ya Mawakili, na wakili anayegawana naye ada anavunja pia. Mapatano ya kumlipa wakili ikiwa tu mtashinda hayakubaliwi na sheria hiyo, ingawa mtaani utasikia "wewe usijali, nitakata theluthi." Lazima akupe hesabu ya pesa zako.

Weka kwako nakala za kila kitu: abstrakti ya polisi, fomu ya P3, ripoti ya daktari, risiti za hospitali. Usimwachie wakili ile ya mwisho. Kwa majeraha madogo, mkiwa karibu na Mahakama ya Madai Madogo, fahamuni kwamba sheria yake inataja fidia za kuumia, mwisho wa dai ni shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Mahakama hizo zilianza kazi mwaka 2021.

Ukiwa umekwisha tia sahihi

Sahihi ya wodini si kifungo. Una haki ya kubadilisha wakili. Kabla ya hukumu ni rahisi, wakili mpya hupeleka taarifa kortini. Baada ya hukumu huhitaji ruhusa ya korti au mapatano na wakili wa kwanza, kwa hivyo usingoje. Tarajia kwamba yule wa zamani atadai ada ya kazi aliyofanya na pengine kushikilia faili mpaka alipwe. Ndiyo maana tumesema uwe na nakala.

Akikataa kukupa hesabu au akiwa amekuficha jambo, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko ya Mawakili. Hulipi kitu, na huhitaji wakili mwingine wa kukuandikia. Asiye na uwezo wa kulipa wakili wa pili aulize Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo cha Sheria.

Ya kujadili kikundini

Watu 14 walikuwa katika matatu iliyopinduka. Mwenyekiti alikaa mbele na ndiye aliyemwambia dereva, "Ongeza mwendo, tutachelewa mazishini." Mama mmoja alimsikia. Mwenyekiti aliumia mkono, mama aliumia mgongo, na dereva ni mpwa wa mweka hazina. Wakili mmoja anataka kuwachukua wote. Ni nani kati yao wanaoweza kubaki naye, na ni nani wanaohitaji wakili mwingine? Na huyo mama, akiulizwa na wakili mbele ya mwenyekiti alichosikia, atajibu nini?